Kitenzi cha Matope

Maji yakipwa pale Rotherhithe,
mto Thames huvua shuka lake la kahawia
na kuacha mbavu wazi:
matofali, mishipi ya viatu, mifupa ya ng'ombe
walioliwa kabla reli haijafika.

Hepzibah Croll anashuka ngazi kinyumenyume,
mkono mmoja kwenye mnyororo, mwingine kwenye ndoo.
Miaka sabini na mmoja. Goti la kushoto la chuma.
Ngazi ina mwani, na mwani hauna adabu.

"Unafanya nini huko?" anauliza kijana mwenye mbwa, juu ukutani.
Anamjibu kwa neno moja.

Mimi ndilo neno lililonileta.
Nimepewa nilitafsiri, malipo kwa ukurasa,
nami siku ya tatu bado sijavuka mstari wa kwanza.
Ukilivunja, lina vipande viwili:
tope,
na ndege mdogo aimbaye huku akipanda angani.
Kinywa changu hakiachi konsonanti zibanane,
huzipenyezea irabu: madilaki.
Kamusi inasema, kuchakura tope la mto
kutafuta chochote chenye thamani.
Kuchakura, sawa. Hata kuku huchakura.
Lakini yule ndege kaenda wapi?

Kwetu kitenzi huzaa mtu.
Akilima ndipo anaitwa mkulima,
akisuka, msusi; akiiba, mwizi.
Hili lilikuja kinyumenyume, kama Hepzibah kwenye ngazi.
Kwanza waliitwa watu,
watoto hasa, tope mpaka mapajani,
na jina lilikuwa dhihaka,
maana hakuna aliyewahi kuwasikia wakiimba.
Kitenzi kilifuata baadaye,
kimevaa buti za mpira,
kina kibali chenye picha na tarehe ya mwisho.

"Mama yake bibi yangu," anasema, ameinama,
"Tamsin Orchin. Hakuwa na saa, alikuwa na maji.
Makaa yaliyodondoka melini. Misumari ya shaba.
Kamba kuukuu, ya kuuzwa kwa ratili.
Siku moja alikanyaga chupa iliyovunjika,
akamalizia kupwa kote kwa mguu mmoja,
kwa kuwa kikapu kilikuwa hakijajaa."

Naye aliitaje, kazi hiyo?

Anafikiri. Anafuta pua kwa kiwiko.
"Alisema anakwenda kutafuta makaa."

Narudi kwenye daftari, nakinyambua.
Kutendwa, hakitaki: hakuna anayefanyiwa.
Kutendana, labda Jumapili,
wanapogombea sarafu moja wote wanne.
Kutendea.
Hapo kalamu inasimama.
Tamsin aliwachakuria wadogo zake watano.
Sauti mbili tu, i na a, nyembamba kama sindano,
na ndani yake vitanda viwili, sufuria, Januari.
Kiingereza hakina pa kuwaweka watoto hao
ndani ya kitenzi. Huwasimamisha nje,
mlangoni, na neno lingine dogo likiwashika mkono.

"Hili hapa," anasema Hepzibah.
Nilitarajia pete. Ni kipande cha makaa,
kimelambwa na mto mpaka kikawa laini kama sabuni.
Wenzake wangekitupa. Hata kibali, nadhani, hakikijui.
Anakipangusa kwenye sweta, mara mbili,
anakitia mfukoni, si kwenye ndoo.

"Una jiko la makaa?" nauliza.
"Nina la gesi," anajibu, kana kwamba nimeuliza upuuzi.

Maji yamegeuka. Yanakuja bila kelele, yakiramba visigino.
Kwenye karatasi ya mteja nimeandika: kuchakura matope.
Nimefuta. Nimeandika tena, hivyo hivyo,
kwa sababu kodi ni Ijumaa.

Hepzibah anapanda, ngazi kwa ngazi,
na kila anapokunja mguu wa kushoto
goti linatoa sauti nyembamba, kwii, kwii.
Asubuhi nzima,
ndiye ndege pekee niliyemsikia.